Kaboni ya mkopo haimalizi mbio

Jamani, leo naomba niseme jambo ambalo najua litanikosanisha na washikaji wangu wengi wa baiskeli. Hii tabia ya kumwambia kijana anayeanza mashindano kwamba bila magurudumu ya kaboni "yeye bado" ni usanii mtupu. Ni changa la macho. Inawatoa vijana mchezoni kuliko inavyowaingiza, na wengi wa wanaoieneza hawajawahi kutoa hata shilingi ya mfukoni mwao kununua hicho wanachokisifia.

Kwa asiyefuatilia mchezo huu, nieleze kidogo. Ukitaka kuibadili baiskeli yako ya mbio za barabarani bila kununua nyingine, unabadili magurudumu. Hapo kuna njia mbili kubwa. Kuna rimu ya alumini, yenye kina kifupi na spoku nyingi, ile ambayo fundi yeyote akiiona anaijua. Halafu kuna rimu ya kaboni, nyeusi, yenye kina cha milimita 40, 50, hata 60, spoku zake chache na bapa, ikipita inavuma utadhani kuna jambo kubwa linakuja. Hii ya pili ndiyo inayopigwa picha. Ndiyo inayomkosesha usingizi kijana wa miaka 19.

Bei je? Seti nzuri ya alumini unaipata kwa dola 300 hadi 500 za Kimarekani. Seti ya kaboni yenye jina inaanzia kama dola 1,500 na inapanda mpaka 3,000 na zaidi, kabla hujalipia usafirishaji na ushuru. Hesabu ya shilingi piga mwenyewe, mimi naogopa kuiandika hapa.

Sikatai kwamba gurudumu lina sayansi yake. Januari 1984 Muitaliano Francesco Moser alikwenda Mexico City, kwenye hewa nyepesi ya mwinuko, akiwa na magurudumu yaliyozibwa kama sahani, akaendesha kilomita 51.151 ndani ya saa moja. Rekodi ya Eddy Merckx ya mwaka 1972, kilomita 49.431, ikawa historia. Tangu hapo hakuna mtu mwenye akili anayebisha kwamba umbo la gurudumu linakata upepo. Kinachonikera ni watu wanaoichukua sayansi ya mtu anayezunguka peke yake uwanjani, wakaipeleka nzima nzima kwenye barabara ya Mwanza kwenda Shinyanga, halafu wakamwambia kijana akakope.

Hebu tuichambue hiyo sayansi yenyewe, maana ndiyo wanayotutishia nayo.

Ukienda kilomita 40 kwa saa kwenye barabara tambarare, sehemu kubwa mno ya nguvu zako inaliwa na upepo. Hilo ni kweli. Lakini upepo huo unagonga nini? Unakugonga wewe. Kifua chako, mabega yako, kichwa chako, na hilo jezi lako linalopepea kama bendera. Magurudumu yana fungu dogo tu. Mwendeshaji anayejua kukunja viwiko na kushusha kichwa anaokoa nguvu kuliko atakayoipata kwa rimu yoyote, na hakuna duka linalomtoza hela kwa hilo. Zaidi ya hapo, mbio zetu nyingi ni za kundi. Ukikaa vizuri nyuma ya mgongo wa mwenzako unaweza kupunguza theluthi ya kazi, wakati mwingine zaidi. Kujificha huko hakuuzwi, kunafundishwa. Nimesimama pembeni mwa barabara kwenye mbio zaidi ya moja nikamwona kijana mwenye rimu za kina cha kutisha akivuta upepo mbele peke yake kilomita kumi nzima, huku wenzake wenye magurudumu ya kawaida wakimnywea nyuma kama uji. Mwishoni walimpita. Angefundishwa mapema kukaa kwenye kundi angeokoa fedha na aibu.

Haya, tuje kwenye uzito, maana hoja ya pili siku zote ni mlima. Seti nzuri ya alumini ina gramu kama 1,600. Ya kaboni yenye kina cha kati inaweza kuwa gramu 1,400 au chini kidogo. Tuseme umeokoa gramu 300. Wewe, baiskeli na maji yako mna kilo 70. Umepunguza chini ya nusu ya asilimia moja. Kwenye mlima wa dakika 30 hiyo ni sekunde saba, labda nane. Najua mtu atasema uzito wa kwenye rimu unahesabika mara mbili kwa sababu unazunguka. Ni kweli, wakati unaongeza mwendo. Ukishashika mwendo wako mlimani, gramu ni gramu tu. Nusu lita ya maji ni gramu 500, na bado sijamwona mtu anayekopa hela ili amwage maji.

Sasa kitu ambacho hawakisemi ni tairi. Tofauti kati ya tairi nzito ya bei rahisi na tairi nzuri ya mashindano inaweza kufika wati 10 hadi 20 kwa magurudumu yote mawili, yaani nguvu za miguu zinazopotea bure kwa mpira kujikunja barabarani. Wati hizo unazipata ukiwa mbele, ukiwa nyuma, ukiwa mlimani, ukiwa tambarare. Na bei yake ni dola 50 au 60 kwa tairi moja. Lakini nani atapiga picha ya tairi? Nani ataulizwa "mwana, hizo umetoa wapi?" kwa sababu ya tairi? Ndiyo maana utakuta baiskeli ina rimu za dola 1,500 zimevishwa tairi zilizopasuka pembeni, na mwenyewe anajiona kamaliza.

Wanatuambia pia kwamba mabingwa wa dunia wanatumia kaboni. Sawa, wanatumia. Lakini bingwa ana gari nyuma yake. Ndani ya gari kuna fundi, juu ya gari kuna baiskeli nyingine, na magurudumu ya akiba yamepangwa kama sahani kabatini. Wengi wetu tuliangalia mashindano ya dunia ya Kigali Septemba 2025, ya kwanza kufanyika katika ardhi ya Afrika. Mbio za wanaume zilikuwa kilomita 267.5, milima juu ya milima, na vipande vya barabara ya mawe. Tadej Pogačar akashinda, Remco Evenepoel akawa wa pili, na waliofika mwisho walikuwa 30 tu. Huyo Evenepoel alibadilisha baiskeli mara mbili. Mwenyewe alieleza kwamba aligonga shimo kiti kikashuka. Sasa niambie, kijana wetu akigonga shimo baada ya Magu anabadilisha na nini? Anakaa pembeni kwenye kivuli, anasubiri lori la mkaa limbebe yeye na kaboni yake.

Na barabara zetu tunazijua. Matuta kila penye kijiji, mengine hayana hata rangi. Mashimo yenye kingo kali kama bati. Miiba. Vile vipande vya waya vinavyobaki tairi la lori likipasuka. Rimu ya alumini ikipigwa na shimo inapinda, na mara nyingi fundi anainyoosha kiasi cha kukufikisha nyumbani. Kaboni haipindi, inapasuka, na ikishapasuka, mafundi wa kuitengeneza utawatafuta kwa tochi. Kwa wenye breki za zamani zinazobana rimu, hali ni mbaya zaidi. Kaboni ikibanwa muda mrefu kwenye mteremko inapata moto, gundi iliyoshikilia nyuzi inalainika, na mvua ikinyesha breki inashika kwa kuchelewa. Fikiria mteremko mrefu wa Usambara, tarmaki imelowa, na huna uhakika kama utasimama.

Kuna jambo lingine ambalo wauzaji hawalisemi kabisa, nalo ni uhai wa mtu. Vijana wetu wengi ni wepesi, kilo 55, kilo 60. Rimu yenye kina kirefu mbele ni kama tanga la ngalawa. Upepo wa ubavuni ukiipiga, usukani unavutwa. Mwendeshaji wa kilo 80 anayumba kidogo. Wa kilo 55 anahamia njia nyingine. Sasa ongeza basi la mkoani linalompita kwa kasi, kwanza linamsukuma, halafu linamvuta. Hata UCI, chama cha kimataifa cha mchezo huu, kimeweka kikomo cha kina cha rimu cha milimita 65 kwa mbio za barabarani za kundi kuanzia mwaka 2026. Huko barabara zinafungwa na polisi wanasimamisha magari. Sisi tunafanya mazoezi katikati ya malori, halafu mtu mzima anamshauri mtoto achukue milimita 60 kwa sababu "zinavutia".

Tuseme na hili la rimu mpya zisizo na ile kingo ya ndani inayoshika tairi. Nyingi za kaboni za siku hizi ziko hivyo kwa sababu ni rahisi zaidi kutengeneza. Kanuni yake ni kwamba usijaze upepo zaidi ya baa 5, yaani kama pauni 72, na tairi iwe ya upana na aina iliyoruhusiwa na mtengenezaji. Februari 2024, kwenye mbio za UAE Tour, tairi ya Thomas De Gendt ilichomoka kwenye rimu ya namna hiyo akaanguka. Ilielezwa kwamba aligonga jiwe, lakini rais wa chama cha waendeshaji wa kulipwa, Adam Hansen, alisema wazi kwamba rimu hizo hazifai. Hao ni watu wenye mafundi waliosomea na mageji ya kupimia. Pampu ya fundi wetu pale stendi ina geji? Upepo tunaujaza kwa kubonyeza tairi na kidole gumba, "ongeza kidogo, ehee, hapo hapo." Kwa rimu yenye kingo za kushika tairi, gumba linatosha. Kwa hizi nyingine, gumba linaweza kukuvunja bega.

Sasa nije kwenye kinachoniuma zaidi, spoku.

Namfahamu kijana mmoja wa Kanda ya Ziwa, jina lake nalihifadhi, mpanda milima mzuri kweli. Alikuwa na pikipiki ya bodaboda inayomlisha yeye na mama yake. Akaambiwa na watu anaowaheshimu kwamba kinachomkwamisha ni magurudumu. Akaiuza pikipiki. Yakaja magurudumu ya kaboni, spoku 20 mbele, 24 nyuma, bapa, zilizonyooka bila ile shingo ya kujikunja. Mwezi wa tatu spoku moja ya nyuma ikakatika. Gurudumu la spoku chache likipoteza moja linayumba papo hapo, linagusa fremu, mbio zimekwisha. Akazunguka kwa mafundi wote wa mjini, hakuna mwenye spoku hiyo. Ya kuagiza nje ilihitaji hela ambayo hakuwa nayo tena, kwa sababu kilichokuwa kinamwingizia hela alishakiuza. Mashindano mawili yakampita. Magurudumu yako juu ya kabati mpaka leo, yamefunikwa shuka. Anaendesha baiskeli ya kubebea maji. Waliomshauri bado wanashauri wengine.

Wenye mchezo wao wa zamani hawakuwa wajinga. Baiskeli za Kiingereza zilizobeba mahindi, wagonjwa na mabibi harusi wa bara hili zilikuwa na spoku 32 mbele na 40 nyuma. Fundi aliye chini ya mwembe anajua kulisuka gurudumu la namna hiyo kwa mkono, anasikiliza mlio wa kila spoku kama mpiga zeze, anakaza hapa, analegeza pale, linanyooka. Huo ni utaalamu. Ulaya leo mtu wa kukusukia gurudumu kwa mkono analipwa vizuri na ana foleni. Sisi tunaye chini ya mti, tunampita kwenda kununua kitu asichoweza kukigusa.

Najua nitaambiwa, "Wewe unataka Waafrika tubaki na vyuma chakavu wakati wenzetu wanapaa." Hapana, ndugu yangu. Mimi nataka tushinde. Biniam Girmay wa Eritrea alishinda hatua tatu za Tour de France mwaka 2024 na kurudi na jezi ya kijani. Leo ana magurudumu ya kila aina, amepewa na timu. Lakini hakutengenezwa na magurudumu. Ametoka katika nchi ambayo mbio za baiskeli, zilizoingia na Waitaliano, zimekuwa mchezo wa mitaani, zenye vilabu na watazamaji wanaojua wanachokiona. Chris Froome, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1985 na kushinda Tour mara nne, alianza kwa kuzunguka vilima vya Kikuyu na David Kinjah na vijana wake, mahali ambapo mtoto alijifunza kufungua na kufunga baiskeli yake kabla ya kujua jina la kampuni. Miguu ikishaonekana, magurudumu yanakuja yenyewe, tena ya bure. Magurudumu yakitangulia hayaleti miguu.

Basi kwa kijana aliyeshika hela yake na anataka kubadilisha magurudumu, mimi namwambia hivi:

Kwanza, chukua alumini, gramu 1,500 hadi 1,700 kwa seti. Magurudumu yanayokuja na baiskeli za kawaida mara nyingi yanakaribia kilo mbili, kwa hiyo hata hapo umepunguza vizuri.

Pili, hesabu spoku. 28 mbele na 28 au 32 nyuma, za mviringo, zenye shingo ya kawaida, na nati zake zikae nje ya rimu ili fundi azikaze bila kung'oa tairi. Nunua na spoku kumi za akiba siku hiyo hiyo, kabla hela haijaisha.

Tatu, hakikisha inaingia kwenye baiskeli yako. Angalia breki ni za diski au za kubana rimu, ekseli ni ya kupitisha katikati au ya kubana kwa wenzo, na habu ya nyuma inapokea sproketi za aina yako. Watu wameletewa magurudumu mazuri wakayatazama tu.

Nne, rimu iwe na upana wa ndani wa milimita 19 hadi 21, yenye kingo za kushika tairi, uvishe tairi ya milimita 28 kama fremu inaruhusu. Zile tairi nyembamba za milimita 23, ngumu kama chuma, hata wakubwa wameziacha. Tairi pana yenye upepo wa kiasi inakwenda vizuri zaidi kwenye barabara mbovu.

Tano, gololi za ndani ziwe za saizi inayopatikana madukani kwetu, siyo ya kusubiri kifurushi miezi miwili.

Tupige hesabu. Dola 1,500 za kaboni. Magurudumu ya alumini 350, jozi mbili za tairi nzuri 220, spoku za akiba 20, kofia ngumu ya maana 80. Jumla 670. Zimebaki 830. Hizo ni nauli za mashindano, ni ada za kujiandikisha, ni maharage na mayai ya msimu mzima. Nani atakushinda hapo? Mwenye rimu inayovuma na tumbo tupu?

Na kwa nyie viongozi wa vilabu na waandaaji wa mbio, maana msidhani nimewasahau. Mnapokaa meza kuu mkisema vijana hawana vifaa, kifaa ambacho kingewasaidia kesho asubuhi ni pikapu moja nyuma ya kundi, yenye magurudumu kumi ya alumini ya akiba na fundi mmoja anayelipwa. Atakayepata pancha abadilishiwe, aendelee. Kwa mbio za vijana wekeni na kikomo cha kina cha rimu, milimita 35 tuseme, ili tumjue mwenye miguu na siyo mwenye mjomba Dubai. Kama UCI inaweza kuweka kikomo kwa mabilionea, nyie mnashindwa nini kuweka kwa watoto wa wakulima?

Na huko mbele ukishapata mdhamini, ukishashinda vya kutosha, kaboni ya milimita 40 yenye breki za diski ni kitu kizuri, nunua bila kuniuliza. Lakini inunuliwe na ushindi. Isinunuliwe na pikipiki ya mama.

Mwenye hoja tofauti aje nayo, ila aje na risiti ya magurudumu aliyonunua kwa hela yake mwenyewe.

Nawasilisha.